Frii haiokoi mafuta: mwongozo wa kuendesha gari Unguja na Pemba

Kila mwezi ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia bei za mafuta, ikishatangaza bei mpya, baraza za kahawa hugeuka darasa la udereva. Mmoja atakwambia kila mteremko tia frii, yaani chomoa gia gari iteremke yenyewe. Mwengine atakwambia nunua petroli alfajiri, ikiwa imepoa. Wa tatu ana shemeji yake aliyefunga sumaku kwenye mpira wa mafuta, naye anaapa kuwa gari imeacha kula.

Niliyasikia yote haya nikiwa utingo Pemba, nikayafuata niliposhika usukani, na mengine niliwafundisha wenzangu. Nayaandika leo kwa sababu kuna madereva ninaowapenda wanaohatarisha roho za watu kwenye miteremko ya Mkoani kwa ajili ya kijiko cha petroli, na siku hiyohiyo wanachoma lita nzima wakiwa wamesimama stendi. Dereva wa daladala akishatoa hesabu ya tajiri na pesa ya mafuta, kilichobaki ndicho kinachopikwa nyumbani kwake. Lita moja kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni lita 26 kwa mwezi. Hicho ni chakula cha watoto.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ya kwanza usiiruke, maana bila ya hiyo hutojua kama nyengine zimekusaidia.

Hatua ya 1: Jua gari yako inakula kiasi gani

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mafuta ni mali. Wengi wetu tunanunua kwa fedha: "Nitilie ya elfu kumi." Bei ikipanda, elfu kumi ileile inanunua lita chache zaidi, taa ya mafuta inawaka mapema, nasi tunakimbilia kwa fundi kumwambia gari imeanza kula. Fundi naye anafungua, anasafisha hiki, anabadilisha kile. Gari haikuwa na kitu. Kilichopungua ni lita.

Fanya hivi. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, na ikikata usiongeze. Andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako. Siku ya kujaza tena nenda kituo kilekile, jaza mpaka pampu ikate, kisha soma lita kwenye risiti. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita ulizotia. Mfano, umetembea kilomita 390 na tenki limepokea lita 30: gari yako inakwenda kilomita 13 kwa lita. Rudia kwa matenki matatu, kwa sababu tenki moja huweza kudanganya. Wiki ile pengine ulikwenda shamba mara mbili, au mvua ilikuweka foleni.

Kama kujaza tenki ni mzigo kwa mfuko wako, jaza mara mbili tu, mwanzo wa mwezi na mwisho wake. Katikati tia ya elfu kumi kama ulivyozoea, ila weka kila risiti. Mwisho wa mwezi jumlisha lita zote ulizotia baada ya ule ujazo wa kwanza, pamoja na za ujazo wa mwisho, kisha gawa.

Hapohapo kituoni tumalize mambo mawili. La kwanza ni hili la mafuta ya alfajiri. Kweli petroli hupanuka kwa joto, lakini kwa kiasi cha asilimia 0.1 hivi kwa kila nyuzi moja. Matangi ya vituo yamezikwa ardhini, na joto la chini ya ardhi halipandi na kushuka na jua kama la juu. Hata tuseme limetofautiana kwa nyuzi moja: kwa lita 30 hiyo ni mililita 30, na utakuwa umeshazichoma ukiitoka nyumba Fuoni kuwahi kituo cha mjini. La pili ni tenki tupu. Wako wanaotembea na mafuta ya chini kabisa ili gari iwe nyepesi. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30, uzito wa mtoto wa skuli. Pampu ya mafuta ya gari nyingi za siku hizi imo ndani ya tenki, na inapozwa na hayohayo mafuta yanayoizunguka. Ukiizoesha ukavu itaungua, na bei ya pampu mpya unaijua.

Hatua ya 2: Kabla ya kuwasha, zunguka gari

Tairi hazipimwi kwa teke. Tafuta kipimo cha upepo, pima asubuhi kabla ya gari kutembea, na ufuate namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kila paundi moja inayopungua kwenye tairi zote nne huongeza ulaji kwa kama asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini gari nyingi ninazozipima zimepungua paundi nane au kumi, na upepo ni rahisi kuliko petroli. Wengine husikia hayo wakakimbilia upande wa pili, wakazijaza mpaka zikawa mawe. Tairi ngumu kupita kiasi inakanyaga kwa katikati tu, inalika katikati, na kwenye lami iliyolowa ya masika inateleza. Fuata namba ya mlangoni.

Kisha breki. Sisi tunaishi na bahari pande zote na chumvi iko hewani. Breki za nyuma na waya wa hendibreki hushika kutu, zikawa haziachii sawasawa. Gari inakwenda huku imeshikwa, na dereva anadhani injini imechoka. Jaribu pahala palipo sawa: zima injini, achia hendibreki, weka frii, mwambie mwenzio akae ndani karibu na breki, nawe uisukume. Gari ndogo nzima husogezwa na mtu mmoja bila ya kukamia. Ikigoma, au baada ya safari ukapeleka kiganja karibu na ringi moja ukahisi inatoa joto kuliko wenzake, usiende kusafisha injekta, vile vinyunyizio vya mafuta vya injini. Nenda kafunguliwe breki.

Keria ya juu kama haina kazi ivue. Na kilichokaa buti tangu Idi iliyopita kitoe.

Hatua ya 3: Washa, uondoke

"Iache ingurume kwanza dakika kumi, oili ipande." Ushauri huu ulikuwa na maana kwa gari za kabureta katika nchi za barafu. Hapa kwetu asubuhi ya baridi kabisa, ile ya kipupwe, bado ni joto ambalo injini inalifurahia. Oili inafika juu kwa sekunde chache. Funga mkanda, panga vioo, sekunde 30 zimeshapita. Ondoka, ila kilomita mbili tatu za mwanzo usiikanyage kwa nguvu. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama uwanjani, na ikiwa baridi ndipo inapokula zaidi.

Hatua ya 4: Usijikokote, panda gia

Hii inawachanganya watu wengi wenye nia njema. Wanajua haraka inakula mafuta, basi wanajikokota, gia ya pili kutoka Mtoni mpaka Bububu, injini inalia, nao wanaona wanaokoa. Injini hula kwa kila mzunguko inaozunguka. Kilomita 40 kwa saa kwenye gia ya pili ni mizunguko mingi ya bure; mwendo uleule kwenye gia ya nne injini inazunguka karibu nusu yake.

Kwa hiyo ondoka kwa nguvu ya wastani, si kwa kunyata wala kwa kurusha mchanga, na upandishe gia mshale wa mizunguko ukifika baina ya 2,000 na 2,500. Mwendo ambao gari ndogo nyingi hutumia mafuta vizuri ni baina ya kilomita 50 na 80 kwa saa ikiwa kwenye gia ya juu, na barabara zetu nyingi hazikuruhusu zaidi ya hapo hata hivyo. Gari ikianza kutetemeka na kukohoa, gia imekuwa kubwa mno, shusha moja.

Wenye otomatiki, angalieni dashibodi sasa hivi. Kama kuna taa imeandikwa O/D OFF na inawaka, imezimiwa gia ya juu. Nimepanda gari nyingi za Kijapani zilizotumika ambazo taa hiyo inawaka tangu zitoke bandarini, na mwenyewe anasema, "Nimeiwasha, inaokoa mafuta." Ni kinyume chake. Taa ikiwaka gari haiingii gia ya mwisho, na ukiwa kilomita 80 injini inazunguka zaidi ya inavyohitaji safari nzima. Bonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia, taa izimike, iache hivyo. Kiwashe kwa muda tu unapopanda kilima na mzigo au unapoteremka na unataka injini ikushikie gari.

Hatua ya 5: Tazama mbali, kwa sababu breki ndiyo inayokula

Ukisoma hatua moja tu, soma hii.

Gari ya kilo 1,200 ikiwa kilomita 60 kwa saa, injini imechoma kama mililita 20 za petroli kuipa mwendo ule. Ni chini kidogo ya nusu ya kikombe cha kahawa cha barazani. Mwendo huo ni mali yako, umeshaulipia. Ukikanyaga breki mpaka gari ikasimama, mali yote inageuka joto kwenye breki na kupotea hewani, na ukiondoka tena unanunua nyengine. Ukisimama hivyo mara 50, lita moja imekwisha. Kwa daladala ya mjini mara 50 ni kazi ya asubuhi tu.

Watu wanasema fulani ana mguu mzito, wakimaanisha wa mafuta. Mguu wa kuuangalia ni uleule ukiwa juu ya breki. Kila unapoikanyaga, jiulize: kitu hiki ningeweza kukiona mapema? Aghalabu jibu ni ndiyo. Ukienda Paje, kabla ya kufika Jozani kuna vibao, na matuta yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara. Yapo palepale kila siku. Dereva mmoja huja na 70 mpaka mita 20 za mwisho, anakanyaga, anaruka tuta, anakanyaga mafuta tena mpaka tuta linalofuata. Mwengine anaondoa mguu mita 200 nyuma, gia ikiwa ndani, gari inapungua yenyewe, inafika kwenye tuta ikiwa na mwendo wa kulivuka, na baina ya tuta na tuta hajisumbui kupiga mbio. Wote wawili watafika Paje, na tofauti yao haifiki dakika mbili.

Vivyo hivyo kwenye kizuizi cha polisi, kwenye gari la ng'ombe lililobeba makuti, kwenye mlango wa madrasa saa ya watoto kutoka. Acha nafasi mbele yako. Ukimganda mwenzako, kila akigusa breki nawe unagusa. Ukimwachia sekunde tatu, nusu ya breki zake hazikuhusu. Na hapa faida yake kubwa kwangu si mafuta. Mtoto akichomoza mbio kufuata mpira, mguu wako umeshaondoka kwenye mafuta.

Kwa daladala, hatua hii ni ya watu wawili. Utingo asingoje abiria apige kelele "Shusha!" akiwa amelingana na mlango wa nyumba yake. Aulize kituo kimoja kabla: nani anashuka mbele? Watatu wanaoshuka hatua hamsini hamsini washushwe pamoja kwa heshima. Mama mwenye mzigo au mzee mshushe mlangoni kwake, hilo halina mjadala. Lakini kijana mzima anaweza kutembea hatua 50.

Kuhusu mbio: kutoka mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60. Kwa hesabu tupu, kilomita 100 kwa saa inakuokolea dakika tisa kuliko 80. Ukitoa Bububu, Mahonda, Kinyasini, matuta na vizuizi, dakika hizo zinabaki mbili tatu. Upepo unaoisukuma gari nyuma kwa 100 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 80. Dakika mbili hizo ni ghali sana.

Hatua ya 6: Kwenye mteremko, acha gia ndani

Unguja ni tambarare sehemu kubwa, lakini Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na barabara ya Chake kwenda Mkoani inapanda na kushuka na kupinda muda wote. Huko ndiko frii ilikozaliwa, na huko ndiko nilikofundishwa. Dereva niliyekuwa utingo wake, mtu mzima niliyemwita Ami, kila kilele alichomoa gia, akasema, "Mwanangu, hapa tunakula bure." Msimu wa karafuu tulibeba watu na magunia. Siku moja ya mvua tuliteremka hivyo, breki zikaanza kunuka, kisha pedali ikashuka laini chini ya mguu wake. Alihangaika kurudisha gia na gari imeshachanganya mwendo. Ikaingia, Alhamdulillahi, na injini ikatushika. Tulipofika chini hakuna aliyesema neno. Moshi ulikuwa unatoka magurudumuni.

Sasa sikiliza injini inavyofanya kazi. Gari yenye injekta, yaani karibu kila gari iliyoingia visiwani miaka ya karibuni, ina kompyuta. Unapoteremka na gia ndani, mguu umeuondoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaona hivyo na inakata mafuta kabisa. Hailetei injini tone, mpaka mizunguko ishuke karibu na 1,200 au 1,500 kutegemea gari, ndipo inapoanza kuyarudisha. Ukitega mwili utausikia mshtuko mdogo wakati yanaporudi. Kama dashibodi yako ina kipimo cha ulaji wa papo hapo, utaona mshale unakwenda mwisho.

Ukichomoa gia, magurudumu yameachana na injini. Ili isizimike, kompyuta lazima iilishe: injini ndogo ya lita 1.3 au 1.5 inapounguruma tu hula baina ya lita 0.6 na 1 kwa saa. Kwa hiyo frii ndiyo inayokula, na gia ndiyo bure aliyoitafuta Ami.

Kuna atakayesema: lakini kwa frii gari inafika mbali zaidi, maana injini haiikamati. Ni kweli kwenye mteremko mrefu, wa taratibu, ulionyooka, wenye uwazi chini yake. Nionyesheni mteremko huo Pemba. Ya kwetu ina kona chini, au daraja, au kijiji. Mwendo wote ulioukusanya kwa frii utautupa kwenye breki kabla ya kona, na breki hizo zimeshabeba uzito wa gari peke yake tangu juu. Nitakuwa mkweli: mafuta yenyewe ni kidogo, mteremko wa nusu dakika ni kijiko au viwili. Hasara kubwa ni kwamba umeikata injini isikusaidie kuzuia gari.

Basi fanya hivi. Ukikaribia kilele ondoa mguu kidogo kidogo, acha gari ijimalizie kilima. Shuka kwenye gia inayokuweka kwenye mwendo unaoutaka bila ya kuishikilia breki muda wote. Ukiwa na mzigo, mara nyingi ni gia uliyopandia au moja chini yake. Gusa breki, achia, ipoe, gusa tena. Ukikaribia chini na mbele kuna kilima chengine na njia iko wazi, ndipo umwachie mwendo akusaidie kupanda.

Wa otomatiki, baki kwenye D. Kutia N gari ikiwa mbioni hakukati mafuta.

Kuzima injini kabisa kwenye mteremko, na wapo wanaofanya, usithubutu. Breki zina msaada wa injini. Ikizimika utapata mikanyago miwili mitatu, kisha pedali inakuwa mti. Usukani nao unakuwa mzito, na ukiuchomoa ufunguo unajifunga.

Tofauti zipo. Gari kongwe ya kabureta haikati mafuta kama ya injekta, lakini sababu ya breki inabaki palepale. Na Vespa za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli, ni habari nyengine: oili inaingia injini pamoja na mafuta, hivyo ukiteremka kwa muda mrefu umefunga mkono wa mafuta na gia imo, injini inazunguka kavu. Mwenye Vespa hiyo aipe mafuta kidogo kila baada ya muda.

Hatua ya 7: Ukisimama zaidi ya dakika, zima

Watu wengi wanaamini kuwasha gari kunameza mafuta ya kilomita nzima. Injini ya injekta ikiwa ya moto, kuiwasha kunatumia kama kinachotumiwa na sekunde 10 za kuunguruma. Nasema dakika moja ili tuwahurumie betri na stata.

Twende stendi. Daladala inangoja kujaa, injini inanguruma dakika 20, abiria wanavuta moshi. Zamu sita kwa siku ni saa mbili. Kwa kiasi cha robo tatu ya lita kwa saa, umechoma lita moja na nusu bila ya kusogea hata hatua, na gari kubwa huchoma zaidi. Miteremko yote ya kwenda Mkoani haikupi hizo. Kama huzimi kwa kuogopa haitowaka, basi ugonjwa ni betri au stata. Tibu huo, kwani unaulipia kila siku kituoni.

Usizime kwenye foleni inayosogea kila mara, wala kwenye mzunguko wa Michenzani.

Hatua ya 8: Kiyoyozi au dirisha

Kiyoyozi kinakokotwa na injini kwa mkanda, kwa hiyo kinakula. Dirisha wazi nalo linakamata upepo, lakini hilo linaanza kuwa na uzito mwendo ukifika 80 na kuendelea. Kwa mjini, fungua dirisha. Kwa safari ndefu ya mwendo mkubwa, tofauti ni ndogo, chagua unachotaka. Gari ikishinda juani Malindi, usiwashe kiyoyozi milango imefungwa. Fungua vioo vyote, tembea dakika mbili joto litoke, ndipo ufunge uwashe, na uweke kile kitufe kinachozungusha hewa ya ndani. Kiyoyozi kinafanya kazi kubwa kikipambana na joto la nje kila mara.

Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ndani ya gari na awashe tu.

Hatua ya 9: Gereji, jua unachokikataa

Hapa naumia, kwa sababu mafundi wetu wana mikono ya dhahabu na wanatusitiri kila siku. Lakini kuna kauli moja imetugharimu sana: "Thamostati ni ya nchi za baridi, tuitoe."

Thamostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa ili maji yasiende rejeta, injini ipate moto upesi. Ikifika joto lake la kazi, kama nyuzi 80 hadi 90 kwa gari nyingi, mlango unafunguka. Hata Zanzibar yenye joto la nyuzi 32, injini inataka nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa thamostati, maji yanakwenda rejeta tangu sekunde ya kwanza, na kwenye safari za kutoka Amani hadi Darajani injini haifiki kamwe joto lake. Kompyuta inaisoma kama injini inayoamka asubuhi, inaiongezea petroli. Plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka mapema, na wewe unatafuta sumaku.

Gari iliyokuwa inachemsha ina sababu: rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imechoka, mfuniko hauzuii. Mwambie fundi atafute hiyo. Kujua kama yako imetolewa, tembea robo saa, kisha muombe fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta akutajie joto la maji. Likiwa 60 na kitu wakati gari inatembea, muulize thamostati iko wapi.

Oili ni vivyo hivyo. Injini iliyoandikiwa 5W-30 au 0W-20 ikatiwa 20W-50 "kwa sababu ya joto letu" inazunguka kwenye uji. Namba ya oili imo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye mfuniko wake.

Filta ya hewa chafu ilikuwa inaongeza ulaji enzi za kabureta. Kwa injekta, kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa, hivyo utapoteza nguvu kuliko petroli. Ibadilishe kwa ajili ya vumbi la shamba. Taa ya injini usiizoee: sensa ya oksijeni ikifa, ulaji unaweza kupanda vibaya sana, na hakuna udereva mzuri utakaolifidia hilo.

Zimebaki sumaku, vidonge na chupa za kutia tenkini. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hii kwa miaka mingi, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote, nayo ndogo. Akija muuzaji kwako, usibishane naye. Mwambie akuachie kifaa kwa matenki matatu bila ya malipo, mjaze pamoja, pampu ikate, na muandike kilomita pamoja.